Haya, aibu, fedheha, kujinyima: neno lipi lichukue nafasi ya mortificatio

Anayefasiri kutoka Kiingereza, Kifaransa au Kihispania hukutana mapema na neno moja lenye sura mbili. Kilatini kililiita mortificatio, na lugha hizo zimelirithi karibu kama lilivyo. Katika riwaya linamhusu mtu aliyeumbuka mbele za watu hadi akatamani ardhi ipasuke immeze. Katika kitabu cha sala linamhusu mtawa aliyejinyima chakula na usingizi ili autiishe mwili wake. Kiswahili hakina neno moja la kubeba mizigo yote miwili. Kina zaidi ya kumi, kila moja na kazi yake, na kosa la kawaida ni kushika "aibu" kwa upande mmoja na "kujitesa" kwa upande wa pili, kisha kwenda nayo hivyo hivyo mpaka ukurasa wa mwisho.

Tuanze na mzizi, maana ndio unaoeleza jinsi mambo mawili yaliyo mbali yalivyoingia ndani ya neno moja. Kilatini mors ni kifo na facere ni kufanya, kwa hiyo mortificare ni kufanya kitu kife. Neno hilo lilishika nguvu katika maandishi ya Wakristo. Biblia ya Kilatini inayohusishwa na Hieronimo, iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, ililitumia pale Paulo anapowaambia Wakolosai (3:5) waviue viungo vyao vilivyo katika nchi. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikasema mortify. Union Version ya Kiswahili ya 1952 ikasema "vifisheni viungo vyenu", na katika Warumi 8:13, "mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi".

Kufisha limejengwa kama Kilatini chenyewe: kufa, kisha kiambishi cha kusababisha. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakikuwa na neno la mortificare amekosea. Kinalo, tena la Kibantu tupu. Tofauti ni kwamba kufisha kwetu hakukutoka kwenye kifo kwenda kwenye aibu, wakati kule kulihama. Ukizoea kusema kiburi kinauawa, ni hatua fupi tu kusema aliyevunjwa kiburi mbele za watu naye "ameuawa". Kufikia karne ya 17 Kiingereza kilikuwa kinalitumia neno hilo kwa aibu, na leo msomaji wa kawaida haijui maana nyingine.

Neno lilizaa na matawi ya pembeni yanayomtega mfasiri asiye macho. Wapishi wa Kifaransa hulitumia kwa nyama iliyoachwa ikae hadi ilainike. Vitabu vya zamani vya tiba hulitumia kwa nyama iliyokufa mwilini, yaani donda ndugu. Sheria ya Uskoti hulitumia kwa mali iliyotengwa kwa ajili ya dini au hisani, ambayo kwetu ni wakfu bila mjadala. Na Mhispania akikwambia "no te mortifiques", hazungumzii aibu wala saumu, anakwambia usijisumbue.

Kipimo cha ji-

Kabla ya kuyapitia maneno moja moja, kuna kipimo kinachookoa muda mwingi. Chukua kitenzi, kitie ji-, usikilize kama kimegeuka sifa au kimebaki lawama.

Kumnyima mtu ni ubaya, kujinyima ni sifa. Kumkana mtu ni ubaya, kujikana ni fadhila katika lugha ya dini. Kumdhili mtu ni dhuluma, kujidhili ni unyenyekevu. Lakini kumwaibisha mtu ni ubaya na kujiaibisha ni ubaya vilevile. Kujifedhehesha, kujiumbua na kujidhalilisha yote ni lawama. Kwa hiyo vitenzi vinavyogeuka sifa vinapopata ji- ni vya upande wa kujikatalia, na visivyogeuka ni vya upande wa aibu. Sentensi kama "mtawa alijiaibisha kwa siku arobaini" inaporomoka hapo hapo: msomaji anajiuliza mtawa alifanya ufisadi gani.

Vipo viwili vinavyobaki katikati, kujihini na kujitesa. Nitavirudia, kwa sababu ndivyo vinavyoharibu tafsiri nyingi.

Upande wa aibu

Haya na aibu hutumiwa kama pacha, nayo si pacha hata kidogo. Haya ni Kiarabu ḥayāʾ, na mzizi wake ni ule ule wa ḥayāh, uhai. Ndugu zake wamejaa katika Kiswahili: hai, uhai, hayati, na hata hayawani. Staha nayo imetoka katika ukoo huo. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1350, aliyaunganisha waziwazi: haya inatokana na uhai, na kadiri moyo ulivyo hai ndivyo haya inavyokuwa na nguvu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema haya ni tawi la imani. Kwa hiyo Kilatini kimekwenda kwenye kifo na neno letu limetoka kwenye uhai. Ndiyo maana haya haiwezi kuwa tafsiri ya moja kwa moja ya mortificatio, hata pale inapoonekana kufaa.

Kazi ya haya iko kabla ya tendo. Ni breki. Qurani (2:26) inasema Mwenyezi Mungu haoni haya kutoa mfano hata wa mbu, na Paulo anasema "siionei haya Injili" (Warumi 1:16). Mahali pote pawili hakuna aliyekosea jambo. Kinachozungumzwa ni kusita na kutosita. Katika Mwanzo 2:25, Adamu na mkewe wako uchi "wala hawakuona haya". Weka "hawakuaibika" mahali hapo uone jinsi maana inavyopinda: inakuwa kana kwamba kulikuwa na watazamaji na hukumu.

Aibu ni Kiarabu ʿayb, na ʿayb ni kasoro. Katika sheria ya Kiislamu ya mauziano, mnunuzi aliyekuta ʿayb katika bidhaa ana haki ya kuirudisha. Harufu hiyo ya kasoro haijaondoka: aibu inahitaji kitu kisichofaa, kiwe tendo, hali au umbo, na huja kikishakuwapo. Yusufu, katika Mathayo 1:19, hakutaka kumwaibisha Mariamu, yaani hakutaka kuianika kasoro aliyodhani ipo.

Jaribu "mwenye" mbele ya kila neno. "Mwenye haya" ni sifa ya mtu mwenye adabu. "Mwenye aibu" katika mazungumzo ya siku hizi ni mtu asiyejiamini mbele za watu, na hapo aibu imekula sehemu ya shamba la haya. "Mtu wa aibu" ni tusi. "Mwenye fedheha" haisemwi. Naona ni hasara kubwa kuiacha aibu imalize shamba lote, kwa sababu mtoto anayeambiwa "una aibu sana" kwa kuwa mpole anapewa jina la kasoro kwa jambo ambalo lugha ililiita uhai.

Fedheha ni Kiarabu faḍīḥa, na mzizi wake ni kufichua. Fedheha bila macho ya watu haipo. Mtu anaweza kuona aibu akiwa peke yake chumbani. Kufedheheka peke yake chumbani hawezi. Tazama pia kitenzi kinachoandamana nalo. Tunasema kuona haya, kuona aibu, kuona soni, lakini fedheha hupatwa au huingiwa. Kinachotoka nje hakionwi kwa ndani.

Kuumbua ni neno ninaloliheshimu kuliko yote upande huu. Kuumba ni kutengeneza umbo. Kiambishi cha kutendua kinageuza, kama kufunga na kufungua. Kuumbua ni kuliharibu umbo, na kuumbuka ni kubaki bila umbo ulilokuwa unaonekana nalo. Ndilo neno la Kibantu linalokaribia nguvu ya mortificare kwa maana ya aibu: kule wanaua, huku tunaumbua. Ila lina sharti lake, nalo ni kwamba aliyeumbuka alikuwa anaonekana kitu kingine. Mwizi aliyejulikana tangu zamani haumbuki akikamatwa. Aliyejifanya mlinzi ndiye anayeumbuka.

Kutahayari kunasikika kama mtoto wa haya, lakini mzizi wake wa Kiarabu ni taḥayyara, kuduwaa, kutojua pa kushika. Sauti ndiyo iliyolivuta karibu na haya, na leo limechanganya yote mawili: aibu yenye bumbuwazi. Linafaa kwa dakika ile ile tu, uso unapobadilika na maneno yanapopotea. "Tumaini halitahayarishi" (Warumi 5:5) ni pahali limekaa vizuri: mwenye tumaini hatasimama mwisho wa safari akiduwaa.

Soni ni la Kibantu na la zamani sana. Kinyarwanda kina isoni, Kiganda ensonyi, Kilingala nsoni, Kigikuyu thoni, Kizulu hloni. Katika Kigikuyu, muthoni ni mkwe, mtu unayemstahi na kujiepusha naye. Katika Kizulu, hlonipha, kuheshimu, limetoka shina hilo hilo. Soni basi ni haya ya mahusiano, ya mtu mbele ya mtu maalumu. Katika Kiswahili cha leo linasomeka zaidi katika ushairi na riwaya, kwa hiyo usilitie mdomoni mwa karani anayezungumza kwa simu.

Kudhalilisha ni jambo jingine: linahitaji mtendaji mwenye nia ya kumshusha mwenzake. Ukiandika "alidhalilika", msomaji atauliza ni nani aliyemdhalilisha.

Sentensi moja, maneno sita

Chukua tukio hili: barua ya siri ya mtu inasomwa kwa sauti mkutanini, na kitabu cha Kiingereza kinasema tu kwamba alikuwa mortified. Ukiandika "akaona haya", barua inakuwa ya mapenzi au ya jambo la ndani, na kosa halipo. Ukiandika "akaona aibu", mna neno asilopenda lijulikane. "Akatahayari": alitaka kujitetea, sauti haikutoka. "Akafedheheka": kesho watu watamsalimia kwa namna nyingine. "Akaumbuka": alikuwa amewaambia wote kinyume cha yaliyomo baruani. "Akadhalilika": aliyesoma alifanya makusudi. Kitabu hakikusema lolote kati ya haya, lakini Kiswahili kinakulazimisha useme. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudi nyuma kurasa mbili tatu na kuuliza: jambo lilikuwa kosa au siri tu, nani aliona, na nani alitenda.

Usiandike "alifishwa". Kufisha kunakubali tamaa, matendo, viungo, kiburi. Likichukua mtu kuwa yambwa, yaani mtendwa, ni mauaji.

Upande wa kujikatalia

Kujinyima ndilo neno la kushika kwanza. Nyima ni la Kibantu, lina ndugu kama Kinyarwanda kwima, na maana yake ni kukataa kutoa. Linahitaji kitu kinachonyimwa na, kwa kawaida, lengo: wazazi walijinyima wakasomesha watoto. Ukikuta mortificatio katika kitabu cha sala, andika kujinyima kisha taja kitu: chakula, usingizi, mazungumzo. Likiachwa bila kitu linalegea.

Kujikana ni zito zaidi. Katika Mathayo 16:24, "na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake". Kitenzi ni kile kile cha Petro aliyemkana Yesu mara tatu. Kukana ni kusema "simjui". Kwa hiyo anayejinyima anaacha kitu, anayejikana anajiacha mwenyewe. Kuyabadilishana kunapunguza la pili. Nje ya maandishi ya dini, kujikana huweza kusomeka kama kukanusha maneno yako ya jana, kwa hiyo katika habari za kawaida liepuke.

Kujihini ni zuri kwa sauti, na waandishi hulipenda kwa ajili hiyo. Lakini hini limo katika ukoo wa hiana na haini, na kumhini mtu ni kumzuilia haki yake. Anayejihini anajidhulumu: ana fedha, lakini hali vizuri wala halali vizuri. Hapo ji- haikugeuza kitenzi kuwa sifa. Litumie kwa bahili au kwa mtu anayejikatalia kupita kiasi. Kwa mtakatifu litamchafua.

Kujitesa nako ni hivyo. Paulo anasema "nautesa mwili wangu na kuutumikisha" (1 Wakorintho 9:27), na neno lake la Kigiriki ni la ndondi, kupiga chini ya jicho. Katika andiko hilo linafaa, maana picha ni ya mwanariadha. Katika mazungumzo, "unajitesa" ni malalamiko ya rafiki. Liweke kwa maumivu ya mwili hasa, kama kujipiga mijeledi au kuvaa nguo ya manyoya inayochoma ngozi. Kwa aliyeacha sukari kwa siku 40 za Kwaresima, ni kubwa mno.

Zuhudi ni Kiarabu zuhd, na haliko sambamba na kujinyima. Mafundisho ya wanazuoni ni kwamba zuhudi ni dunia kutoka moyoni, hata ikibaki mkononi. Tajiri aweza kuwa na zuhudi bila kuacha mali yake. Kujinyima bila kuacha kitu hakuwezekani. Katika maandishi ya kisufi tumia zuhudi, na mwenye nayo ni zahidi. Kisha kagua mara mbili kabla ya kutuma: kikagua tahajia na mhariri mwenye haraka hupenda kuligeuza kuwa "juhudi", na sentensi inabaki na sarufi safi na maana iliyokufa.

Kufunga ni ibada yenye mwanzo na mwisho, ina wakati wake na sheria zake. Usilitumie kwa kila kujinyima.

Mitego ya uandishi

"Haya" ni kionyeshi cha ngeli ya YA, ni kihisishi, na ni nomino yetu hii. "Mambo haya" na "mambo ya haya" yanatofautiana kwa silabi moja, na mwandishi akiacha "ya" hakuna atakayegundua isipokuwa msomaji aliyepotea. Sentensi ikiwa na kionyeshi karibu, tumia kitenzi kizima, kuona haya, au hamia kwenye staha au soni. Fedheha na fadhaa nazo huchanganywa: fadhaa ni mahangaiko ya moyo, huweza kumpata mtu asiye na aibu yoyote.

Angalia pia mnyambuliko. "Aliaibika" haimtaji mtendaji, "aliaibishwa" linamdokeza. Zaburi 35:4 inaomba "waaibishwe, wafedheheshwe", kwa sababu kuna Mtendaji anayeombwa. Kugeuza hapo kuwa "waaibike" kunamwondoa anayeombwa.

Pale maana mbili zinapokutana kweli

Kuna mahali ambapo mwandishi wa Ulaya alikusudia zote mbili kwa pamoja. Mfano ni desturi ya zamani ya monasteri, mtawa kusimama mbele ya wenzake na kutaja makosa yake ya nje, kama kuchelewa sala au kuvunja chombo. Ni aibu aliyoipokea kwa hiari, na kuipokea huko ndiko kujinyima kwake.

Hapo neno ni kujidhili. Linatoka katika dhull ya Kiarabu, unyonge, limo katika ukoo wa dhalili na udhalilishaji, kwa hiyo lina aibu ndani yake. Na ji- imeligeuza likawa tendo la hiari. Luka 18:14 inalitumia kwa mtoza ushuru: "naye ajidhiliye atakwezwa". Kujinyenyekeza ni laini zaidi na linahusu moyo, nalo halihitaji watu wa kutazama. Kujidhili linawahitaji, au angalau linawavumilia.

Kwa hiyo: "Alijidhili mbele ya ndugu zake, akayataja makosa yake moja baada ya jingine." Usiongeze "akafedheheka" baada yake ili kuipa sentensi uzito. Fedheha hufichuliwa na mwingine, na huyu amejifungulia mlango mwenyewe.